Jiko lisilouliza jina: tuliyoyaona Hemkund

(Maneno yaliyosemwa na wafanyakazi wa shirika mbele ya wanachama wetu, Baraka. Tunayachapa karibu yote kama yalivyosemwa.)



Mulituomba tuje kueleza safari yetu ya India. Hapa kwetu mtu akisikia India anafikiria hospitali, juu wenye uwezo ndiko wanakopeleka wagonjwa wao. Sisi hatukwenda hospitali. Tulikwenda watatu, mwezi wa sita, kwa mafunzo juu ya mafuriko na maporomoko ya milima, katika jimbo la Uttarakhand, kaskazini ya India, kwenye milima ya Himalaya. Mambo ya mafunzo yako kwenye ripoti, na komite iko nayo. Leo tutasema tu juu ya siku mbili za mwisho, tulipopanda mpaka pahali patakatifu pa Wasikh panapoitwa Hemkund Sahib.

Tumechagua hadithi hiyo kwa sababu. Mwezi ujao mkutano wenu mkuu utaamua juu ya sanduku la dharura: lisaidie walio kwenye listi ya chama tu, ao lisaidie na wasiokuwa kwenye listi. Tunajua maneno hayo yamekuwa makali. Kuna wazee wawili hapa ambao walirudi katika meli moja kutoka Kigoma, na leo hawasalimiani juu ya sanduku hilo. Hatukuja kuamua pahali penu. Tutaeleza jiko moja tuliloliona juu ya mlima, halafu nyinyi wenyewe mutapima.

Kwanza, hawa Wasikh ni nani? Waliokaa Kigoma, Dar es Salaam ao Nairobi wanawajua kwa jina la Kalasinga: wanaume wa kilemba na ndevu ndefu, mafundi wa magari na wa mbao. Waliopita Goma waliwaona kati ya askari wa India wa Monusko, wale wanaovaa kilemba cha bluu pahali pa kofia ya bluu. Neno Sikh linataka kusema mwanafunzi. Dini yao si Uislamu wala si Uhindu, ingawa watu wengi wanawachanganya. Ilianzishwa na Guru Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469 katika Punjab, eneo ambalo leo limegawanyika kati ya India na Pakistani. Baada yake walikuja viongozi wengine tisa. Wa kumi, Guru Gobind Singh, alipokaribia kufa mwaka 1708 aliacha neno kwamba baada yake hakutakuwa na mtu wa kuwaongoza. Kiongozi ni kitabu chao, Guru Granth Sahib. Ndiyo maana nyumba yao ya sala, gurdwara, haina sanamu. Kitabu ndicho kinakaa kwenye kiti cha heshima, chini ya kitambaa kizuri, na watu wote wanakaa chini mbele yake.

Jambo lingine la kujua: hawa nao ni watu wa kukimbia. Mwaka 1947, India na Pakistani zilipogawanywa, mpaka ulipita katikati ya Punjab. Mamilioni ya watu walivuka, Waislamu upande huu, Wahindu na Wasikh upande ule, na wengi waliuawa njiani. Wasikh waliacha nyuma mji wa Nankana Sahib, alikozaliwa Guru Nanak, na Kartarpur, alikomaliza maisha yake. Kartarpur iko kilometa chache tu kutoka mpakani. Kwa miaka mingi watu walisimama upande wa India wakaangalia gurdwara yao kwa darubini, mpaka njia ya mahujaji ilipofunguliwa Novemba 2019. Wenzetu waliosimama pwani ya Kigoma siku ya hewa safi, wakaona milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, wanajua macho ya namna hiyo. Tena mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 za kutoka, na kati yao walikuwamo Wasikh. Kwa hiyo tunaposema juu ya jiko lao, hatusemi juu ya watu ambao hawajawahi kulala nje.

Sasa tupande. Hemkund linataka kusema bwawa la theluji. Ni ziwa dogo kwenye kimo cha zaidi ya mita 4,300, limezungukwa na vilele saba. Mupime hivi: ziwa letu la Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya bahari, Nyiragongo inafika 3,470, Karisimbi 4,507. Ziwa la Hemkund basi liko karibu na kichwa cha Karisimbi. Theluji inalifunga miezi mingi ya mwaka. Njia inafunguliwa mwisho wa mwezi wa tano ao mwanzo wa mwezi wa sita, baada ya wanajeshi wa India kukata theluji, na inafungwa tena mwezi wa kumi.

Katika shairi linalohesabiwa kuwa la Guru Gobind Singh, anasimulia kwamba kabla ya kuzaliwa katika dunia hii alikuwa akisali pahali pa theluji penye vilele saba. Kwa muda mrefu sana hakuna aliyejua ni wapi. Katika miaka ya 1930 mstaafu mmoja wa jeshi, Sohan Singh, alianza kupatafuta, na mwaka 1934 alifika kwenye ziwa hili kwa msaada wa wenyeji wa bonde. Mwandishi mmoja mkubwa wa Punjab, Bhai Vir Singh, alimsaidia kupata feza. Mtu mwingine wa jeshi, Modan Singh, akaungana naye. Wakajenga chumba kimoja kidogo cha mawe, na mwaka 1937 kitabu kikawekwa ndani. Sohan Singh alipokufa, Modan Singh aliendelea na kazi hiyo mpaka kifo chake mwaka 1960. Wanasimulia kwamba pale chini Ghangaria, kabla ya kuwa na nyumba, alikuwa akilala ndani ya shina la mti lenye shimo. Hakukuwa na mradi wala mfadhili mkubwa. Kulikuwa na watu wawili watatu na feza za kukusanya.

Tena ziwa lile halikuwa bila wenyewe. Watu wa bonde walikuwa wakiabudu pale tangu zamani, na hekalu lao la Kihindu, la Lakshman, liko mpaka leo kando ya maji, karibu kabisa na gurdwara. Tuliona wanawake wa Kihindu wanaingia hekaluni, halafu wanakuja kunywa chai kwa Wasikh. Waliofika nyuma na waliotangulia wanatumia ukingo mmoja.

Safari ya miguu inaanzia karibu na Gobindghat, kando ya mto Alaknanda. Siku ya kwanza ni mpaka Ghangaria, kijiji cha mita 3,000 na kidogo, chenye gurdwara ya kulala wageni bure. Siku ya pili ni kilometa sita tu, lakini ni kilometa za kupanda zaidi ya mita 1,000, na hewa inapungua. Sisi ni watu wa ziwa. Kila hatua kumi tulisimama. Wazee wa miaka sabini walitupita na fimbo zao, wengine bila viatu, wanasema jina la Mungu polepole, Waheguru, Waheguru. Wanaoshuka wanawaambia wanaopanda kwamba imebaki kidogo, hata kama haijabaki kidogo. Kuna wasioweza kutembea: hao wanapanda nyumbu, ao wanabebwa. Wabebaji wengi wanatoka Nepal. Tuliona kijana amembeba mama mzima katika kikapu mgongoni, na mwingine amebeba mzigo kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso, sawa vile wamama wabebaji wa Bukavu. Hiyo ni kazi ya kulipwa, si sadaka, na ni ngumu. Machi 2025 serikali ya India ilikubali mradi wa gari la kamba la kilometa 12.4 kutoka Gobindghat mpaka juu. Ukimalizika, wazee na wagonjwa watafika bila shida. Wenye nyumbu na vikapu, tulioongea nao njiani, wanajiuliza watakula nini. Tunalisema ili musifikiri kule ni mbinguni.

Ukifika juu, kwanza unavua viatu. Kuna watu wanaovipokea dirishani, wanakupa namba, wanavipanga. Wengine wanavifuta matope. Tuliuliza hao ni wafanyakazi wa nani. Tukaambiwa si wafanyakazi. Ni mahujaji kama wengine. Mmoja alikuwa na duka kubwa la vipuri mjini kwao. Anakuja kila mwaka na anaomba kazi ya viatu, juu kwao kushika viatu vya watu wengine ni kazi ya heshima. Wanaiita seva, kutumika bila malipo.

Wengine wanaoga kwanza katika ziwa. Mwezi wa sita barafu ilikuwa bado inaelea. Mmoja wetu alitia miguu tu, akatoka mbio. Halafu unafunika kichwa, unaingia, unainama mbele ya kitabu, unasikiliza nyimbo. Paa la gurdwara ya leo limeinama sana ili theluji iteremke. Mbele ya kutoka unapewa kiganjani kitu kitamu cha moto, cha unga, samli na sukari.

Kisha unakwenda jikoni. Jiko hilo wanaliita langari, na kila gurdwara duniani iko nalo. Watu wanakaa chini kwa mstari, miguu imekunjwa. Hakuna meza ya wakubwa. Wanapita watu na ndoo, wanakumiminia chai tamu ya moto katika kikombe cha bati, na wali uliopikwa pamoja na dengu, laini, wenye manjano. Unapokea. Ukimaliza, wanarudi: bado? Ongeza? Unachukua kile utakachomaliza, juu kutupa chakula pale ni aibu. Kila kilo ya mchele na dengu, kila chupa ya gesi, imepanda njia ile ile tuliyopanda sisi, juu ya mgongo wa nyumbu ao wa mtu.

Ndugu, sisi kazi yetu ni kugawa. Munatujua: tuko na listi, tuko na jetoni, tuko na wino wa kidole. Tulikaa kwenye mstari ule tukisubiri mtu atuulize. Hakuna aliyeuliza dini yetu, nchi yetu, wala kama tumetoa kitu. Kando yetu upande mmoja alikaa ofisa mwenye saa ya dhahabu, upande mwingine kijana wa Nepal aliyetoka kutua kikapu chake. Walikula chakula kimoja, kutoka ndoo moja.

Tulipokuwa tunaosha vikombe vyetu, tukiongea kati yetu, mama mmoja aliyekuwa anasugua sufuria aligeuka ghafla. Akatuambia, "Karibuni. Mumeshiba?" Kwa Kiswahili. Tulishtuka karibu tuangushe vikombe. Alizaliwa Jinja, Uganda. Alikuwa mtoto wa miaka minane walipofukuzwa, na Kiswahili alichobaki nacho ni kile cha jikoni na cha mchezo. Anaishi Uingereza. Alituambia, nusu kwa Kiswahili nusu kwa Kiingereza, kwamba walipofika kule wazazi wake walikuwa na valizi moja. Wiki za kwanza walikula katika gurdwara ya watu wasiowajua, na hakuna aliyemuuliza baba yake kwamba wewe ni wa ukoo gani, ao lini utalipa. Sasa akipata likizo anakuja kuosha sufuria Hemkund wiki mbili. Tukamuuliza kama ndio anavyolipa deni. Akakataa. Alisema deni linalipwa kwa yule aliyekupa, na yeye hajui ni nani aliyewapa. Kwa hiyo anaosha tu.

Mambo haya hayakuanza jana. Guru Nanak mwenyewe ndiye aliyeanzisha kula pamoja, katika nchi ambamo watu wa tabaka moja hawakukubali kula na watu wa tabaka lingine, hata kuguswa chombo chao hawakukubali. Kukaa mstari mmoja chini kulikuwa kuvunja kitu kikubwa. Wanasimulia kwamba hata mfalme Akbar, alipokwenda kumwona Guru wa tatu, Amar Das, aliketi kwanza kula na watu wa kawaida. Katika Amritsar, kwenye gurdwara yao kubwa yenye milango minne ya pande nne, wanakula makumi ya maelfu ya watu kila siku. Na karibu na kwetu, Makindu, Kenya, kwenye barabara ya Nairobi na Mombasa, kuna gurdwara ya mwaka 1926. Asili yake ni Wasikh waliofanya kazi ya reli. Mpaka leo msafiri yeyote anaweza kusimama pale akala bure na kulala. Dereva wa Mkamba, mfanyabiashara wa Kisomali, sisi Wakongo, hakuna tofauti.

Sasa swali la mama mhazini wetu, tunalijua kabla hajalisema: nani anajaza chungu?

Wanafundishwa mambo matatu: kumkumbuka Mungu, kuishi kwa jasho lako halali, na kugawana. Kutokana na hilo la tatu kuna desturi ya kutoa sehemu ya kumi ya mapato. Anayekosa feza anatoa unga, asiye na unga anatoa mikono. Katika mstari huwezi kujua nani ametoa nini. Mtu anayekula hapati deni la kumsujudia mtu mwingine, na anayetoa hapati watu wa kumsifu. Ndivyo tulivyoona sisi: chakula kimetengwa na jina la mtoaji, na kimetengwa na jina la mlaji.

Lakini musifikiri mlango wazi ni fujo. Pale kuna sheria kuliko ofisini kwetu. Kichwa kifunikwe. Viatu nje. Tumbako na pombe haviingii. Unakaa chini kama wengine hata kama wewe ni waziri. Hakuna anayelala juu Hemkund: ikifika saa nane ya mchana watu wote wanaanza kushuka, mgonjwa na mzima, juu usiku kule unaua. Kuna komite inayosimamia, kuna daftari, kuna watu wanaohesabu. Jiko halikuulizi jina lako, lakini lina saa, lina zamu, lina hesabu.

Na mwaka 2013 jiko hilo lilijaribiwa. Katikati ya mwezi wa sita mvua kubwa ilinyesha Uttarakhand, na maelfu ya watu walikufa, wengi zaidi upande wa Kedarnath. Gobindghat mto uliondoka na daraja na magari yaliyokuwa yameegeshwa. Mahujaji wengi walikwama juu Ghangaria mpaka walipotolewa kwa helikopta na kwa miguu. Ndiyo maana wenyeji wa mafunzo yetu walitupeleka pale, tuone palivyojengwa upya. Walitueleza kwamba siku za kwanza, kabla ya misaada kufika, waliokwama walikula pale palipokuwa na chungu tayari: kwenye gurdwara za njiani na kwa wanavijiji. Sisi tunaofanya kazi ya dharura tunajua siku hizo za kwanza. Uvira, Aprili 2020, Mulongwe ilipobomoa mitaa, mtu mwenye watoto hakuweza kungoja mpaka listi ichapwe. Shirika lolote, hata likiwa na moyo mzuri, linahitaji siku kadhaa kuhesabu na kuhakikisha. Siku hizo jirani ndiye shirika.

Turudi Baraka sasa. Kwetu kuna watu wa namna tatu. Kuna waliorudi na meli ya HCR, wako na karatasi. Kuna waliorudi peke yao, kwa mitumbwi ao kwa miguu, bila karatasi. Na kuna waliobaki, ambao hawakuvuka ziwa hata siku moja. Wenye karatasi wanasema: chama ni chetu, sisi ndio tuliokotiza. Ni kweli. Wasio na karatasi wanasema: shida ya kurudi ilikuwa moja. Nayo ni kweli. Waliobaki wanasema: mulipokuwa Lugufu na Nyarugusu munakula mahindi ya PAM, sisi tulilala porini, na tuliporudi hapa tulikuta watu wanatuuliza kwa nini tunalima shamba lao. Hilo nalo, wazee wanajua, lina ukweli wake na maumivu yake.

Mvua iliyopita, katika mtaa mmoja hapa, maji yaliingia nyumba kumi na moja. Sanduku lilitoa unga na mafuta kwa nyumba saba za wanachama. Nyumba nne katikati hazikupata. Komite ilifuata sheria yake, hakuna wa kuilaumu. Lakini usiku ule moshi ulitoka nyumba saba, na watoto wa nyumba nne walijua ni kwa nini. Watoto hao wanasoma shule moja na wa kwenu. Tuliokulia kambini tunakumbuka kuwa mtoto ambaye jina la baba yake halikusomwa. Jambo dogo kama hilo linakaa moyoni muda mrefu, na katika nchi yetu tumeona linavyoweza kuzaa.

Wanaokataa kufungua sanduku wako na sababu nzuri, tuziseme wazi. Wanasema sanduku litakwisha kwa mwezi mmoja. Wanasema mtu asiyekotiza atakula, na anayekotiza ataacha kukotiza. Na wanasema Wasikh wako na ndugu Uingereza na Kanada, sisi tuko na nani? Hatuwezi kubeba jiko la Hemkund tukaliweka Baraka. Lakini mambo matatu yanabebeka, na tunayaweka mbele yenu.

La kwanza, kutenganisha. Mikopo, msaada wa kilio, ada za shule: hayo yabaki ya wanachama waliokotiza, kwa listi, bila matata. Hiyo ni haki yao. Kinachofunguliwa ni chakula cha dharura tu, cha siku tatu za kwanza, wakati wa maji, moto ao kukimbia. Siku tatu, kwa kila nyumba iliyopatwa katika mtaa, bila kuuliza karatasi. Baada ya siku tatu chungu kinashuka motoni, kila mtu anafuata njia yake. Mlango uwe wazi, na uwe na saa.

La pili, sehemu ya kumi. Tufanye hesabu ya mfano. Wanachama 100 wakitoa franga 2,000 kila mwezi, ni 200,000. Sehemu ya kumi ni 20,000. Ni kidogo, kweli. Lakini miezi sita bila janga ni 120,000, na hiyo ni muhogo na maharagi yanayongoja kabla ya mvua kuanza. Zile 180,000 za kila mwezi zinabaki kama kawaida. Asiye mwanachama naye anaweza kuleta debe la muhogo wakati wa mavuno, ao kuni, ao ndagala. Tunaamini wengine wataleta, juu mtu anaogopa kutoa pale tu anapojua hatahesabiwa.

La tatu, mikono kwa zamu. Anayepika na anayegawa siku hizo tatu asiwe daima yule yule, na wakubwa wa chama wawe kwenye zamu ya kuosha sufuria. Tunajua munacheka. Lakini mtu akimwona prezida wa chama anasugua sufuria, kwanza ataamini kwamba sufuria haikuliwa na prezida. Na kila mwisho wa mwezi daftari lisomwe kwa sauti hapa nje, wasio wanachama nao wasikie. Kwa maoni yetu, maneno mengi makali ya miezi hii hayatoki kwa uchoyo. Yanatoka kwa kutojua nini kimo ndani ya sanduku.

Sisi hatuna kura katika mkutano wenu, na hivyo ndivyo inavyofaa. Shirika letu siku moja litafunga ofisi yake hapa, kama mashirika mengine yalivyofunga. Munayakumbuka mabango yao. Nyinyi mutabaki, na zile nyumba nne zitabaki katikati ya saba. Kwa hiyo mukikaa mwezi ujao, kabla ya kuinua mikono, tunaomba mujiulize swali moja tu: maji yakirudi usiku, na nyumba iliyo salama ni ya mtu asiye kwenye listi, tungependa atuulize nini mlangoni?

Maswali muliyo nayo tutayajibu sasa, na mama mhazini aanze, juu tunaona kalamu yake iko tayari.